Cheni ya nyumba Uingereza: kila wiki tunaambiwa "wiki ijayo". Mliopitia hili mliishije?

Mpangaji_Coventry

Wakuu habari za jioni. Nipo Coventry na mume wangu na watoto wawili, tumepanga nyumba ya vyumba viwili ambayo imeshatubana kitambo. Ofa yetu ya kununua nyumba ilikubaliwa kabla ya Pasaka, mogeji (mkopo wa nyumba wa benki) imepita, mkaguzi kaja kaangalia paa na unyevu, wakili tunaye, na mpaka leo mikataba haijabadilishwa, yaani mawakili hawajapeana nakala zilizosainiwa. Na shida wala haiko kwetu maana sisi ndo tuko chini kabisa ya cheni, ule mnyororo wa watu ambao kila anayeuza naye anasubiri nyumba anayonunua, sisi hatuuzi chochote. Anayetuuzia sisi ananunua nyumba Kenilworth, na huyo wa Kenilworth ananunua banglo ya bibi mmoja marehemu, inauzwa na watoto wake. Sasa kila nikimpigia dalali jibu ni lilelile, "tunasubiri huko juu". Wakili nikimwandikia ananijibu mistari miwili baada ya siku kadhaa, hakuna jipya, tutakujulisha.

Nyumbani nako hawaelewi. Mama mkwe keshatangaza ukoo mzima kwamba tumenunua, akipiga simu swali la kwanza mmehamia? nikimwambia bado anadhani tumeishiwa hela tunaona aibu kusema. Nusu ya vyombo viko kwenye maboksi, mtoto anauliza chumba chake kitapakwa rangi gani, mi nageuza mada.

Wenye uzoefu nisaidieni, hasa ni nini kinachochelewesha, na nyie hicho kipindi mlikiishije maana mimi usingizi hamna.

Mpita_Njia

Karibu dada vuta kiti, wengine tumekaa humu mpaka miguu imekufa ganzi 😂

Mzee_wa_Slough

Pole sana dada. Mimi nimenunua mara mbili hapa England, na mara ya pili nilikuwa katikati ya cheni, nauza na kununua kwa mpigo, kwa hiyo nakuelewa.

Kwanza hili likae kichwani kabisa. Kwa sheria ya England na Wales ofa kukubaliwa haimfungi mtu yeyote. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi na umesainiwa, hiyo iko kwenye sheria ya 1989, na unaanza kuwabana siku ile tu mawakili wanapobadilishana nakala. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kumchukua mwingine mwenye hela zaidi, mnunuzi naye anaweza kusubiri asubuhi ya siku ya kubadilishana akasema nashusha elfu kumi, au mtu anaamka tu anasema nimeghairi na hakuna wa kumdai hata senti. Hela yako ya mkaguzi na ya sachi (uchunguzi wa kumbukumbu za nyumba na eneo anaoagiza wakili) imekwenda hiyo.

Pili, cheni nzima inabadilishana siku moja. Mwendo wenu ni mwendo wa yule aliye nyuma kuliko wote hata kama nyie mlimaliza mwezi wa tatu. Na panapotesa zaidi ni kwamba wakili wako haongei na wakili wa banglo, anaongea na wa muuzaji wako tu, huyo naye anaongea na wa juu yake, kwa hiyo swali linapanda ngazi na jibu linashuka ngazi na kila ngazi linalala siku mbili tatu mezani kwa mtu. Anayeweza kuiona cheni yote ni dalali, maana yeye anapigiana simu na madalali wenzake na kamisheni yake haipati mpaka biashara iishe. Mtumie huyo.

Lakini acha kumuuliza "kuna jipya?", hilo swali jibu lake ni hapana na mazungumzo yameisha. Muulize nani kwenye cheni bado hajapata barua ya ofa ya benki. Nani ana maswali ya wakili ambayo hayajajibiwa, ni maswali gani, yako mezani kwa nani, tangu lini. Ile banglo mirathi imeshatoka au bado. Akisema hajui mwambie naomba uulize, nitakupigia Alhamisi. Alhamisi ikifika piga kweli, kwa adabu, lakini piga.

Mimi nahisi kabisa ni mirathi. Watoto wa marehemu wanaruhusiwa kuitangaza nyumba na kukubali ofa, ila hawawezi kuikabidhi kabla hawajapata hati ya usimamizi wa mirathi, na kuna watu wanaweka bango la kuuza hata maombi hawajapeleka.

Goba_Kati

Samahani naingilia, mi niko Dar. Yaani mnunuzi ana hela, benki imekubali, mwenye nyumba anataka kuuza, halafu miezi yote hiyo?? Sisi huku mnakutana ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wapo, mwanasheria anagonga muhuri, jioni unamwaga mchanga.

Mzee_wa_Slough

Na mwezi ujao anatokea mwingine na karatasi yake ya kiwanja hichohicho 😄 Huku jina lako likishaingia kwenye daftari la ardhi hakuna wa kuja na shangazi yake kukwambia hili shamba letu. Njia ndo ndefu.

Goba_Kati

Hapo umenikamata mkuu. Naendelea kusoma.

Karani_Mikataba

Mi nafanya kazi ofisi ya mawakili wa nyumba, si wakili, ni yule anayefungua mafaili na kupokea simu zenu za hasira. Naomba niwatetee kidogo halafu niwaseme.

Mtu mmoja ofisini ana mafaili mengi mno kwa wakati mmoja, na faili linalosogea ni lile ambalo leo limeingia karatasi mpya. Faili linalosubiri mtu mwingine linakaa. Ukipiga simu kila siku kitu pekee kinachofanyika ni mtu kulifungua, kuona hakuna kitu, kulifunga. Tuma imeli moja kwa wiki yenye maswali yenye namba, namba moja namba mbili namba tatu, hiyo inajibiwa maana mtu anaona aibu kuacha namba bila jibu. Hapo nimewatetea. Kuwasema sasa, ni kweli kuna ofisi zinapokea kazi kuliko uwezo wao, na zile za bei chee za mtandaoni mara nyingi kila ukipiga unaongea na mtu mpya, unaanza hadithi upya.

Vinavyochelewesha mara nyingi ni hivi. Sachi ya halmashauri, kuna halmashauri wanarudisha ndani ya siku chache na nyingine wiki na wiki, huwezi kuzisukuma. Halafu kuna ya maji na mifereji, ya mazingira, na dada wa Coventry wewe usishangae ukilipishwa ya migodi ya makaa ya mawe, si Keresley hapo palikuwa na mgodi mpaka miaka ya 1990. Kisha yanakuja maswali. Muuzaji alijaza fomu yake kwa haraka, kasema madirisha yamebadilishwa, cheti kiko wapi? Madirisha yaliyowekwa tangu Aprili 2002 yanatakiwa yawe na cheti cha FENSA (mpango wa mafundi wa madirisha waliosajiliwa) au kibali cha halmashauri. Kaongeza chumba darini, kibali kiko wapi? Hajui, fundi mwenyewe alisharudi Poland. Hapo mawakili wanaweza kuandikiana barua mwezi mzima wakati suluhisho la kawaida ni bima ndogo ya kufidia, analipa muuzaji, imeisha. Ila angalizo, msije mkapiga simu halmashauri wenyewe kuuliza kuhusu hicho chumba! Mkishawashtua halmashauri kampuni za bima hazikati tena hiyo bima.

Na kama kuna flati kwenye cheni, yaani ya lizi, unayomiliki kwa miaka maalumu tu, hesabu muda zaidi. Lazima kampuni inayosimamia jengo itoe makabrasha yake, inalipisha, na haina haraka na mtu. Jengo likiwa na ukuta wa mashaka benki inataka na fomu ya usalama wa moto, haya yote yalikuja baada ya ule moto wa jengo la Grenfell, London, 2017.

Kitu kingine cha kuangalia ni tarehe. Ofa ya benki ina mwisho wake, nyingi miezi mitatu mpaka sita. Sachi nazo benki nyingi hazizitaki zikizidi miezi sita. Dada fungua barua yako ya ofa leo angalia inaisha lini, usisubiri wakukumbushe.

Mpangaji_Coventry

Nimeangalia. Inaisha katikati ya Septemba. Daah sikuwahi hata kuisoma ile sehemu, asante.

chama_ni_mali

Wadau mimi ni Mkenya, niko Reading, wacha niongeze kitu haijasemwa, hii ndiyo ilitukalia sisi. Pesa imetoka wapi. Dipoziti yetu ilikuwa kidogo mshahara, kidogo chama ya wamama tunayocheza hapa, na kidogo mzee wangu aliuza shamba nyumbani akatutumia. Wakili akasema sawa, nionyeshe. Sheria ya kuzuia pesa chafu inambana yeye mwenyewe, si ati anakuonea. Akataka stetimenti za benki za miezi mingi, kila pesa kubwa iliyoingia nieleze. Zamu yangu ya chama iliingia ikiwa imetumwa na watu tofauti tofauti, kila mtu na jina lake, kwa macho ya mzungu hiyo inakaa kama biashara ya bangi. Tukaandika barua ya chama, daftari ya michango, sahihi za memba. Kwa ya shamba tukaleta mkataba wa kuuza, stetimenti ya benki ya mzee, kitambulisho chake kimethibitishwa na wakili wa Nairobi, na barua kwamba ni zawadi si mkopo na hatadai kipande cha nyumba. Mzee akakasirika sana, anauliza kwani mimi ni mwizi, pesa nampa mtoto wangu naandikishwa?

Kwa hivyo kama bado hujaanza, kusanya hizi vitu mapema, pesa zote zikae akaunti moja. Ukiulizwa unatuma siku hiyohiyo, cheni isikae ikikungoja wewe.

Karani_Mikataba

Umenena. Na kwa watu wetu kuna jingine, waambie wakili mapema kama una nyumba nyumbani. Mnunuzi wa mara ya kwanza kwa sheria ya ushuru wa kununua nyumba hapa ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, si Uingereza tu. Mkinunua wawili, wote wawili muwe hivyo. Tangu 1 Aprili 2025 mnunuzi wa mara ya kwanza halipi ushuru mpaka pauni laki tatu, na nyumba ikizidi laki tano nafuu yote inaondoka. Sasa mtu anakuja kajiandikisha mara ya kwanza, wiki ya mwisho tunaona kwenye stetimenti anapokea kodi ya nyumba ya Mbezi. Na nyumba ya Mbezi ikiwa na thamani ya pauni elfu arobaini kwenda juu anaweza kuangukia kwenye ile nyongeza ya nyumba ya pili ambayo tangu Oktoba 2024 ni asilimia 5 ya bei yote. Hesabu inabadilika, hela inapungua, cheni inasimama. Kiwanja kitupu ni habari nyingine, ila boma lililoanza kupanda muulize wakili wako usijijibu mwenyewe.

Goba_Kati

Kwa hiyo kibanda changu cha Goba kinaweza kumkosesha mtu nyumba London. Hii dunia.

Mpangaji_Coventry

Wakuu narudi na majibu. Nimempigia dalali na maswali ya Mzee, nikaona hata sauti yake imebadilika. Ni mirathi kweli. Maombi yamepelekwa ila mahakama iliwarudishia swali, na watoto wa marehemu wako watatu, mmoja yuko Australia, saini zinasafiri. Kila mtu mwingine kwenye cheni yuko tayari. Angalau sasa najua ninasubiri nini. Lakini kujua hakujaniletea usingizi, tena sasa naota Australia.

Bi_Mkunazini

Mwanangu pole. Mimi ni wa Unguja, niko Leeds, nishachezewa na hii cheni mpaka ikakatika mkononi, kwa hiyo nisikilize.

Sisi tulikuwa tunauza na kununua Septemba 2022. Ilipotoka ile bajeti ya Kwarteng, waziri wa fedha wa wakati ule, benki zikaanza kuondoa mikopo sokoni, riba zikaruka, na yule kijana aliyekuwa ananunua kwetu, wa chini kabisa kama wewe, benki ilikuwa bado haijampa barua yake, ikaja na masharti mengine asiyoyaweza. Akaondoka. Sisi tukaondoka. Wa juu yetu wakaondoka. Nyumba zote zile kwa simu moja ya jioni. Wallahi nililia na nyumba yenyewe si yangu.

Tulipoanza tena mwaka uliofuata nikajiwekea taratibu zangu. Maboksi niliyafungua yote. Yakhe utaishije miezi unakula kwenye sahani za karatasi kwa ajili ya nyumba ambayo bado ya mtu? Nikatoa sufuria, nikatoa mbuzi wangu wa kukunia nazi, nikatundika mapazia. Nikafuta picha za ile nyumba kwenye simu maana nilikuwa naziangalia usiku nikipanga makochi. Bwana nikamkataza kupita ile mitaa kwa gari, alikuwa ana tabia ya kupita eti anaangalia majani yamekatwa. Mambo ya nyumba tukayawekea Alhamisi jioni tu, tukishasali isha tunakaa tunasoma imeli, tunaandika za kwetu, tunafunga. Siku nyingine akianza namwambia leo si Alhamisi.

Jamaa wa nyumbani wape neno moja tu na usiliongeze. "Tumo njiani, tukipata funguo nyinyi wa kwanza." Ukimueleza mama mkwe habari ya mirathi ya mzungu na Australia, kesho atakwambia umerogwa.

Na mtoto je, yuko darasa gani? Kama anaingia sekondari mwakani jua kwamba maombi yanafungwa 31 Oktoba, na ya msingi ni 15 Januari. Halmashauri nyingi hazikubali anwani mpya mpaka uwaonyeshe mikataba imeshabadilishwa. Ofa haiwahusu. Omba kwa anwani yako ya sasa, mkibadilishana ndo uwapelekee ushahidi, usikae kusubiri ukakosa kote.

Mpangaji_Coventry

Mkubwa anaingia sekondari mwakani kweli. Asante mama, hili la shule nilikuwa nimelisahau kabisa na lilikuwa moja ya sababu za kuhama.

glasgow255

Nawasoma nikiwa Scotland nasema alhamdulillah. Huku muuzaji lazima atoe ripoti ya nyumba kabla ya kuitangaza, tangu Desemba 2008, ndani kuna ukaguzi na thamani. Ofa inapelekwa na wakili kwa barua, wanajibizana barua, zikikubaliana imekuwa mkataba, na hilo mara nyingi linafika mapema kuliko huko kwenu.

Ila msidhani ni peponi. Nyumba zinatangazwa bei ya kuanzia, unaandika ofa yako kwa siri hujui mwenzio kaandika ngapi, na benki inakukopesha kwa thamani ya kwenye ripoti. Ukiandika elfu ishirini juu yake hizo elfu ishirini ni zako taslimu.

Mpita_Njia

Hata England wanataka kubadilisha, serikali Oktoba 2025 ilileta mapendekezo watu watoe maoni, muuzaji atoe taarifa zote mwanzoni na watu waweze kufungana mkataba mapema.

Karani_Mikataba

Ndugu yangu, mwaka 2007 walileta pakiti ya taarifa za nyumba, muuzaji aandae kila kitu mapema, 2010 serikali iliyoingia ikaifuta. Mi nitaamini nikiiona mezani kwangu.

Mpangaji_Coventry

Wakuu kumekucha. Leo dalali kapiga yeye mwenyewe. Wa Kenilworth wamechoka, wanasema mirathi ikichelewa tena wanaachana na banglo waanze kutafuta upya, na hapo anayetuuzia sisi naye anasita. Mume wangu anataka tuwaandikie tuna wiki mbili tu la sivyo tunajitoa. Mimi naogopa watasema sawa nendeni.

Mzee_wa_Slough

Msiandike hivyo kama hamna nyumba nyingine mnayoitaka. Tarehe ya mwisho ni kitu kizuri sana ukiwa kweli utaondoka ikifika, usipoondoka wameshakujua.

Kuna kitu bora cha kuomba. Cheni ya nyumba tatu inaweza kukatwa kwa makusudi. Muulize dalali kama huyo wa Kenilworth yuko tayari kuuza aende akapange kwa muda au akae kwa ndugu, vitu viende stoo, asubiri banglo yake kwa raha zake. Wengine wanakubali, hasa wazee ambao watoto wao wana nafasi, maana na yeye akishauza anakuwa mnunuzi mwenye hela mkononi asiye na cheni, watoto wa marehemu hawawezi kumchezea. Akikataa, muulize anayekuuzia wewe swali hilohilo. Gharama za kupanga na kuhama mara mbili zipo, na hapo watu huwa wanakuja kwako na lugha tamu mgawane, hilo mkae na mume mjue mapema mwisho wenu ni shilingi ngapi na msiliseme.

Na tafuteni nyumba nyingine kimyakimya. Kuangalia si dhambi, hamjafungana na mtu, na utaona hata moyo unatulia ukijua hiyo siyo nyumba pekee Coventry.

Karani_Mikataba

Mpigie na broka wako wa mogeji wiki hii, si Septemba. Mwambie tarehe ya ofa inakaribia, ana njia mbili, kuomba benki iongeze muda au kuomba upya. Benki nyingine zinaongeza, nyingine zinataka kuangalia mishahara upya. Akiwa hapo aangalie na riba za leo, kama zimeshuka anaweza kukubadilishia kabla ya mikataba. Ucheleweshaji mara moja moja una faida.

Na tafadhali sana kipindi hiki msichukue gari la mkopo, msibadilishe kazi bila kumwambia, msiruke hata bili ya simu. Benki inaweza kuwaangalia tena mpaka karibu na siku ya funguo. Kama mko kwa viza angalieni na muda uliobaki, benki nyingi zina kiwango chao, viza ikipungua mkiwa mnasubiri nayo ni shida. Kadi za zamani za ukaazi ziliisha kazi mwisho wa 2024, sasa ni viza ya mtandaoni, hakikisheni mnaifungua bila tatizo kabla hamjaombwa.

chama_ni_mali

Sisi wakili alitaka viza tena mwishoni, na akaunti ya viza ya bwana ilikuwa imeshikana na pasipoti ya zamani. Jumapili nzima tunapambana na simu.

Mpangaji_Coventry

Wapendwa samahani kwa ukimya. Wa Kenilworth walikataa kwenda kupanga, ila anayetuuzia alikubali kama ikishindikana ataenda kwa binti yake anayeishi mji wa Rugby, hilo peke yake lilituliza mambo. Benki imeongeza muda. Na mirathi IMETOKA. Wakili kasema wanalenga kubadilishana wiki ijayo, na safari hii katuma fomu ya kusaini na maelezo ya kutuma dipoziti, kwa hiyo si ile wiki ijayo ya siku zote. Mume wangu anataka tumpe mwenye nyumba notisi leo ili tusilipe kodi mara mbili. Mnasemaje?

Mpita_Njia

USITHUBUTU

Bi_Mkunazini

Mwambie bwana atulie. Kodi ya mwezi mmoja zaidi ni ghali lakini hoteli na watoto ni ghali zaidi. Notisi baada ya kubadilishana, si siku moja kabla.

Mzee_wa_Slough

Ndo hivyo. Na ombeni pengo la wiki mbili tatu kati ya kubadilishana na funguo, mkatae mambo ya kubadilishana leo na kuhama leo. Na kama mna nguvu ya kuchagua siku epukeni Ijumaa. Kila mtu anataka Ijumaa, magari ya kuhamia yanapanda bei, na hela ikikwama alasiri benki zinafungua Jumatatu, mtalala na makochi kwenye lori.

Karani_Mikataba

Nikueleze siku yenyewe itakavyokuwa usije ukapaniki. Tunafanya kwa simu. Wewe uko chini, kwa hiyo wakili wako anampigia wa muuzaji anamwambia mteja wangu ameshasaini, dipoziti ninayo, nakuachia ruhusa ya kuufunga mkataba mpaka saa kumi jioni. Huyo anaachia kwa wa juu yake hivyohivyo mpaka kileleni. Kule juu wakifunga ndo simu zinashuka kurudi chini, kila mmoja anafunga na wa chini yake. Ikifika saa kumi hakuna aliyepiga, imeanguka, mnaanza kesho asubuhi. Hiyo hutokea sana na wala haimaanishi mtu kaghairi, mara nyingi kuna mmoja hapokei simu ya wakili wake yuko kazini. Wewe siku hiyo usizime simu.

Dipoziti kawaida ni asilimia 10 na ukishabadilishana ukajitoa umeipoteza. Kabla hujaituma mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyoandikwa kwenye imeli, akusomee akaunti kwa mdomo. Wezi wanaingia kwenye imeli za watu wanasubiri wiki kama hii, wanatuma "tumebadilisha benki". Hakuna ofisi inayobadilisha benki wiki hiyo.

Mpangaji_Coventry

Nimeelewa, notisi itasubiri, mume kanuna lakini kakubali. Kuna kingine ninachotakiwa kuwa nacho kabla ya siku hiyo?

Karani_Mikataba

Bima ya jengo. Kwa masharti yanayotumika kwa kawaida, nyumba ikiungua baada ya kubadilishana hasara ni yako hata kama funguo bado huna, na benki nayo inaitaka. Iandae iwe tayari, uianzishe dakika ile wakili anapokupigia kwamba imefungwa.

Mpangaji_Coventry

Sawa. Namwandikia broka sasa hivi aniletee bei.

Goba_Kati

Ikifungwa tupia neno hapa dada, mi nimeshakuwa mwanacheni bila kununua kitu.